Amplifaya ya valvu Mombasa: shajara kutoka kaskazi hadi kusi

Februari, joto la kaskazi

Kabati la redio nililonunua Mji wa Kale limefika nyumbani kwa mkokoteni. Ni lile la miguu minne, redio upande mmoja na sahani ya santuri upande wa pili, mali ya kizazi kilichosikiliza Sauti ya Mvita, stesheni ya redio ya Mombasa ya zamani. Mbao za nyuma zimeliwa na mchwa na kioo cha stesheni kimepasuka. Sikulinunua kwa sura bali kwa valvu zake, zile taa za kioo zinazotawala mkondo, nijengee amplifaya. Nilimulika nyuma kwa tochi ya simu, nikaona valvu zote zimo kwenye soketi zake, nikalipa bila kubembeleza sana.

Valvu zenyewe ni ECH81, EF89, EABC80, EL84 na EZ80, safu ya kawaida kabisa ya redio za Ulaya za miaka ya 1950. Tatu za kwanza sina kazi nazo. Ninazozitaka ni EL84, inayosukuma spika, na EZ80, inayogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu. EL84 ni ndogo kwa umbo, lakini nne za aina hiyo ndizo zilizomo kwenye Vox AC30, ile amplifaya ya gitaa ya Uingereza. Moja peke yake hutoa takriban wati 5. Mtu aliyezoea matatu za Kisauni atacheka akisikia wati 5. Acheke. Sebuleni kwangu mita nne kwa tano, wati 5 kwenye spika nzuri zinamwamsha jirani.

Nimeamua mapema kwamba amplifaya hii itakuwa mono, yaani ya njia moja ya sauti. Santuri na kanda za humu ndani, taarabu ya zamani na nyimbo za Kihindi za mama, karibu zote ni mono. Kujenga njia mbili ili sauti ileile itoke mara mbili ni kujitafutia gharama, na miradi mingi ya amplifaya niliyoona ikiozea chini ya vitanda ilikufa kwa sababu mwenyewe alitaka kila kitu kwa mpigo mmoja.

Kabla ya kupima chochote nimetazama vioo. Kila valvu ina doa la rangi ya fedha kwa ndani, kwa kawaida juu. Ni bariamu iliyotiwa kiwandani ili imeze hewa iliyosalia. Doa likibaki la fedha, ombwe bado limo. Likigeuka jeupe, hewa imeshaingia na hakuna fundi wa kuirudisha. EF89 imekuwa nyeupe. EL84 na EZ80 ni safi. Miguu yake ilikuwa na ukungu wa kijani wa chumvi ya bahari, nikaisugua kwa mswaki na spiriti mpaka ikang'aa.

Bado Februari

Nimeng'oa kapasita zote za zamani, vile vihifadhi vya chaji, na hakuna hata moja inayorudi. Zile za karatasi na nta zinavujisha umeme hata kwenye nchi kavu, seuze huku kwetu ambako chumvi ya mezani yenyewe hugandamana. Ya hatari zaidi ni ile inayokaa kati ya valvu ya kwanza na gridi ya EL84, wavu unaotawala mkondo wake. Ikivuja, gridi inapata volti chanya, mkondo unapanda bila breki, anodi, bamba linalopokea mkondo, inakuwa nyekundu, na valvu iliyoishi zaidi ya nusu karne inakufa kabla chai haijapoa.

Nimenunua mpya: 0.1 µF (mikrofaradi, kipimo cha kapasita) ya volti 630 kwa nafasi hiyo, na mbili za 47 µF kwa kusafisha mkondo. Hizi nimezipata kwa watu wanaotengeneza televisheni. Walikuwa nazo za volti 400 na za 450. Nimechukua za 450, kwa sababu hesabu yangu inaonyesha kwamba amplifaya ikiwa haijaanza kunywa mkondo, volti zinaweza kupanda mpaka karibu 380. Anayeweka ya 400 hapo anaishi ukingoni. Na 47 µF si namba ya kubahatisha: EZ80 haitaki kapasita ya kwanza izidi 50 µF.

Valvu ya mbele, inayokuza sauti kabla ya EL84, itakuwa ECC83, mpya, ya kampuni ya JJ kutoka Slovakia. Ushuru wake ulikaribia bei yake.

Machi: transfoma

Kama kuna jambo moja ninalotaka mjenzi mwenzangu wa Mombasa alishike, ni kwamba michoro yote mizuri unayoiona ilichorwa na watu wenye stima nyingine na hewa nyingine. Valvu ni rahisi, unachomeka. Transfoma ndiyo amplifaya.

Ile ya kwenye kabati imeandikwa 220. Stima yetu ni 240. Tofauti inaonekana ndogo, lakini hita za valvu hizi, nyuzi za kuzipasha moto, zinataka volti 6.3, na transfoma ya 220 ukiichomeka kwenye 240 inazipa 6.87. Asilimia 10 juu ya kawaida ni 6.93, na hapo ndipo mwisho wa uvumilivu wake. Nimepima soketi ya ukutani kwa nyakati mbalimbali: saa mbili usiku, feni na friji za mtaa mzima zikiwa zimewashwa, 229, alfajiri, 246. Kwa 246 hita zingepata zaidi ya 7. Kathodi, sehemu zinazotoa elektroni, zikichomwa hivyo hazifiki mbali. Isitoshe karatasi za ndani zimelowa na kuoza.

Basi nimekwenda Majengo kwa mzee anayesuka mota za pampu na feni. Nimembebea kiini cha chuma nilichokitoa kwenye stabilaiza mbovu ya friji.

"Wataka ya nini hii?"

"Ya amplifaya ya valvu, ammi."

Akaweka koleo chini. "Ya valvu? Basi usinisomee hesabu za simu. Nipe chuma nikipime."

Akapima ulimi wa kiini: sentimita 3 kwa 4, yaani eneo la sentimita 12 za mraba. Kanuni yake ya umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde ni 45 gawa kwa eneo, na hiyo inatoa mizunguko 3.75 ya waya kwa kila volti. Kwa 240, mizunguko 900. Kwa volti 250 za juu, ambazo ni pande mbili, 938 kila upande. Akaongeza asilimia 5 ya kufidia kinachopotea kwenye waya, ikawa 985. Waya wa kuingilia milimita 0.4, wa volti za juu 0.25, wa hita 1.0.

Kiini hiki ni kikubwa kuliko mahitaji yangu. Wati 45 hivi ndizo nitakazokula, na chuma cha sentimita 12 kinabeba zaidi ya mara mbili ya hizo. Mchoro wa Ulaya ungesema ni ufujaji. Lakini Ulaya hawalali na feni mwezi wa Machi. Transfoma inayoanza siku ikiwa kwenye nyuzi 32 lazima iwe na nafasi ya kupata joto.

Kisha hita. Hapa nilikaa naye mpaka mwisho maana ndipo uzuri wa kusuka mwenyewe unapoonekana. Mzunguko mmoja ni volti 0.27 hivi. Hesabu ilitaka 25. Tulisuka 26, juu kabisa ya nyingine zote, bila kutia vanishi. Tukachomeka valvu tatu kwenye soketi zilizolala juu ya meza, tukazipa hita peke yake, tukasubiri ziwe na rangi ya chungwa. Mita ikasoma 6.7. Tukazima, mzee akafungua mzunguko mmoja kwa mkono, akakata, akakwangua rangi ya waya kwa kisu, akaunga tena. 6.4. Mkondo wa juu ukiongezwa itashuka kidogo. Transfoma ya dukani huwezi kuirekebisha namna hiyo.

Baadaye akaizamisha kwenye vanishi na kuitia tanurini usiku kucha. Kabla ya tanuri, mega yake ya volti 500, mita ya kupima kama umeme unavuja, ilionyesha uhami wa megaomu chache tu kati ya waya wa kuingilia na chuma. Baada ya tanuri sindano ilikwenda ikalala mwisho wa kipimo. Unyevu huo wote ulitoka kwenye hewa ya duka lake, si kwenye maji.

Machi, transfoma ya pili

Iliyobaki ni transfoma ya spika, na hii ya kabati ilikuwa nzima. Swali ni spika ya omu ngapi ilikusudiwa. Hakuna maandishi.

Njia ya kujua haina gharama. Nimepitisha waya wenye plastiki mara nne kwenye dirisha la transfoma mpya, juu ya waya zake zote. Mara nne kwa 0.27 ni volti 1.07. Nikaiunga hiyo upande wa spika wa transfoma ya pili, nikapima upande wa valvu: 38.4. Uwiano ni 36 kwa 1. Omu hufuata mraba wa uwiano: 36 mara 36 ni 1,296. EL84 inapendelea kuona kama omu 5,200 mbele yake, na 1,296 mara 4 ni 5,184. Basi ni transfoma ya spika ya omu 4.

(Asije mtu akatia volti 6 za hita upande wa spika kwa haraka. Upande wa pili zitatoka zaidi ya 200, na kidole hakisomi mita.)

Spika za nyumbani nyingi ni omu 8. Ukiziunga hapa valvu inaona zaidi ya omu elfu 10, na nguvu inapungua. Lakini omu 4 ndiyo namba ya spika za magari, na mji huu hauna njaa ya spika za magari. Nimenunua ile ya yai, inchi 6 kwa 9, kwa kijana anayefunga muziki wa matatu. Aliniuliza gari gani. Nikamwambia la mbao.

Aprili, masika yameingia

Chesi, fremu ya kubebea vyote, ni bati la alumini la milimita 2, matundu ya soketi milimita 22. Boliti zote ni stenlesi kutoka kwa wauza vifaa vya boti. Chuma cha kawaida kwenye hewa ya chumvi kinaota kutu upesi. Kando nimezungushia mbambakofi, kipande kilichobaki kwa seremala wa milango. Mchwa hawaugusi.

Kabla ya kutoboa matundu ya transfoma nimefanya jaribio dogo. Transfoma ya stima nimeiwasha ikiwa imelala mezani, transfoma ya spika nimeiunga na hedifoni badala ya spika, bila chochote kingine. Zikikaa sambamba, mvumo unasikika wazi: usumaku wa moja unaingia kwenye nyingine. Nikaizungusha ya pili taratibu. Kwenye robo ya mduara mvumo ulizama, nyuzi chache mbele ukarudi. Nikachora alama kwa penseli hapohapo. Dakika hizi ni nafuu kuliko kutafuta mvumo huohuo chesi ikishafungwa.

Mei, kulehemu

Mchoro ni wa kawaida na sina la kujivunia. ECC83 ina valvu mbili ndani ya kioo kimoja, natumia nusu moja: rezista ya kilo-omu 100 kwenye anodi, 1.5 kwenye kathodi. EL84: kilo-omu 470 kwenye gridi, omu 150 kwenye kathodi. Miguu ya EL84 kwa atakayeuliza: 2 gridi, 3 kathodi, 4 na 5 hita, 7 anodi, 9 gridi ya pili. ECC83 ukitaka iende kwa volti 6.3, unga 4 na 5 pamoja, upande mwingine ni 9.

Waya za hita nimezisokota zikabana na kuzilaza kwenye kona ya chesi. Waya zote za athi zinakutana sehemu moja, karibu na kapasita ya pili, na kutoka hapo boliti moja tu inaingia kwenye chesi, yenye washa ya meno inayokwangua alumini, kwa sababu lehemu haishiki alumini. Waya wa athi wa plagi una boliti yake peke yake. Huo hauguswi kwa sababu yoyote, hata amplifaya ikivuma kiasi gani. Kuna watu wanaukata ili kunyamazisha mvumo. Hao wanacheza na roho za watoto wao.

Kwenye kapasita za volti za juu nimeweka rezista ya kilo-omu 220 ya kuzimwaga. Baada ya kuzima, dakika mbili zinatosha kushusha volti 285 mpaka chache. Nasubiri hizo dakika, kisha napima bado.

Mei, kuwasha

Nimetafuta globu ya wati 60 ya uzi, kitu ambacho siku hizi maduka yanakutazama ukikitaja, nikaiweka katikati ya stima na amplifaya. Kukiwa na shoti, globu ndiyo itakayowaka na transfoma itasalimika. Iliwaka kwa nguvu wakati hita zina baridi, ikafifia, ikabaki nyekundu. Nikaitoa, nikaunga stima moja kwa moja, mkono mmoja nyuma ya mgongo, nikapima:

Kapasita ya kwanza 285. Ya pili 273. Anodi ya EL84 258. Kathodi 7.7. Hita 6.3 kamili.

Hiyo ya kathodi ndiyo inayosema yote. 7.7 gawa kwa omu 150 ni miliampea 51. Toa kama 5 za gridi ya pili, anodi inabakiwa na 46. Volti inazoziona ni 258 toa 7.7, yaani 250. Mara miliampea 46: wati 11.5. Mwisho wa EL84 ni wati 12. Kwa stima ya 229 hita zitakuwa 6.0, kwa 246 zitakuwa 6.46, zote ndani ya asilimia 5. Mzunguko ule mmoja uliofunguliwa Majengo ndio huo.

Juni, mvumo

Sauti ipo, na mvumo upo. Mdogo, lakini ukikaa kimya usiku unausikia.

Mvumo una aina mbili. Ukitoka kwenye kusafisha mkondo unakuwa wa 100 kwa sekunde, kwa sababu EZ80 hutumia pande zote mbili za wimbi. Ukitoka kwenye hita unakuwa wa 50. Simu yenye programu ya kuonyesha masafa ya sauti, ukiiweka mbele ya spika, inakata shauri: mlima kwenye 50, na 100 karibu tupu. Ni hita, basi kuongeza kapasita hakungesaidia kitu.

Dawa yake ni ya zamani. Rezista mbili za omu 100, moja kwa kila waya wa hita, zikutane katikati. Wengi hupeleka hapo katikati kwenye athi. Mimi nimepeleka kwenye kathodi ya EL84, yenye zile volti 7.7 chanya. Hita ikiwa chanya kuliko kathodi ya ECC83, elektroni haziruki kutoka kwenye hita kuingia kwenye kathodi. Mvumo umeshuka mpaka natia sikio kwenye koni ndipo niusikie.

Siku hiyohiyo nimeunga waya wa kurudisha kidogo cha sauti ya spika kwenye kathodi ya ECC83, ili kupunguza ukwaruzo. Transfoma haisemi mwanzo wa waya wake ni upi, hivyo ni nusu kwa nusu. Ililia kwa sauti ya ving'ora, mama akatoka jikoni na mwiko. Nikazima, nikabadilisha waya mbili za spika, ikatulia.

Julai, kusi

Imekuwa ikicheza kila jioni. Udi unasikika vizuri kupita nilivyotarajia, hasa ule mguno wa kidole kabla ya uzi kulia, na sauti ya mwimbaji inakaa mbele, mbali na fidla. Ngoma nzito haina. Transfoma ya spika ni ndogo, haikutengenezwa kwa besi, na sitajidanganya kwamba ni ladha. Mwenye kutaka besi asuke kiini kikubwa zaidi, na aache mwanya wa hewa kwenye chuma, maana mkondo mnyoofu wa EL84 unapita humo muda wote na bila mwanya chuma kinashiba.

Baada ya saa tatu transfoma ya stima inashikika bila kuondoa mkono. Jaribio lenyewe litakuwa Januari.

Stima ikipotea nazima swichi ya amplifaya na kungoja. Ikirudi huwa inarudi kwa kishindo, na sitaki EZ80 ikutane nacho ikiwa moto na kapasita tupu.

Nusu ya pili ya ECC83 bado haina kazi. Nitaitumia kwa sindano ya sumaku ya santuri, ambayo inatoa milivolti chache tu. Mega ya mzee nitaiazima tena mwezi ujao nione uhami umeshuka kiasi gani baada ya masika. Na kifuniko cha wavu juu ya valvu kinapigwa wiki hii na fundi wa madirisha, kwa sababu paka wa jirani ameshagundua kwamba chesi ina joto.